Kengele ya Mlango Kwenye Pindo la Kanga

Mama,

Nimeghadhibika, na sina wa kumwambia ila wewe, ambaye huwezi tena kunikatiza ukasema, "Salma, teremsha sauti, majirani wanasikia." Leo siiteremshi. Wasikie.

Kaka Seif kapiga simu jana kutoka Maskati. Kasema kamnunulia mama mdogo Raya kidude kama kile chako, cha kuvaa shingoni na kubonyeza ukianguka, ila hiki ni cha kisasa zaidi, kinasema na wewe kwa Kiingereza. Kiingereza, Mama! Mdogo wako Raya, aliyezaliwa na kuzeekea Kengeja, atakijibu nini? Nikamwambia, "Kaka, mama mdogo anacho cha kwake, na Ijumaa iliyopita kimemuokoa." Akacheka. "Ile kengele ya mlango? Kwani mama mdogo ni mlango?" Nikamkatia simu. Sijapata kumkatia simu kaka yangu tangu nizaliwe.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana mengi yamepita huku nyuma yako.

Baada ya hitma yako, mama mdogo alihama Kengeja akaja kukaa kwako Vitongoji. Alisema nyumba ya dada yake haitiwi kufuli yeye yuko hai. Nimemwomba aje kwetu Wesha, chumba kipo, mume wangu mwenyewe kamwomba. Ng'oo! "Hapa namsikia dada Mize," anasema. Basi yuko peke yake. Presha inampanda na kushuka itakavyo, magoti yamechoka, na saruji ya choo chako ni ile ile, laini kama sahani. Hakukaa sana akateleza kwenye karo la kuogea, akainuka kwa kushikilia tangi, na miye akanificha. Niligundua nilipomwona anasuka ukili wa mkeka kwa mkono mmoja, mwingine kaulaza mapajani. Damu ilinipanda. Nikasema, huyu hafi kama alivyokufa Mama.

Maana wewe hukufa kwa kukosa kidude. Ulikuwa nacho. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo.

Kilikuja na msafiri, kimefungwa pamoja na halua na udi. Kidude cheupe, kitufe chekundu, uzi mweusi wa kuning'iniza. Tulikaa barazani nikakufundisha: ukianguka bonyeza hapa, kitampigia Seif, Seif atanipigia miye, miye nitakuja. Sasa nikifikiri nataka kujipiga makofi, na Seif nimpige yake. Mtu kaanguka Vitongoji, ukelele wake uvuke bahari mpaka Maskati, urudi Wesha, ndipo itafutwe pikipiki! Na nyumba ya Bi Time ipo pale pale, akikaanga samaki kwako unapiga chafya. Tulishindana kujua kipi kizuri zaidi. Hapana aliyeuliza nani yuko karibu. Tena kilitaka chaji, kilitaka salio, na mtandao ukilala nacho kimelala.

Lakini yote hayo si kitu mbele ya ulimi wa Bi Time.

Ulitoka nacho mara moja tu, kwenye maulidi. Ulikuwa umekaa na wenzako, kidude kifuani, na Bi Time akaushika ule uzi mbele ya wanawake wote. "Ee, Bi Mize! Wewe uliyewakata hirizi watoto wetu, leo umevaa yako? Unamwogopa nani?" Wakacheka wote. Utani, najua, hapa kwetu mtu asiyetaniwa hapendwi. Lakini Bi Time alijua anamtania nani. Alikuwa anamtania mwalimu wa chuo cha Kurani aliyekaa na mkasi pembeni ya msahafu, mtoto akija na hirizi shingoni anaikata mama mtu akiona. "Mwombeni Mungu, mnaiomba ngozi ya mbuzi?" Ulikuwa unasema hivyo kisiwa hiki hiki cha Pemba, ambako mtu akikohoa asubuhi, mpaka adhuhuri keshatajwa aliyemtupia uchawi. Ulipata maadui kwa mkasi ule na hukujali. Leo wakuone wewe na kitu shingoni? Ulirudi nyumbani ukakitundika kwenye msumari wa ufunguo, kikakaa hapo.

Ila nikija miye. Miye ukisikia pikipiki inakata kona pale kwenye minazi, unakivaa. Nakukuta umekaa umetulia, kidude kifuani, nafurahi, nampigia Seif namwambia Mama anakivaa. Ukweli niliujua baada ya kukuzika, siku tuliyokuwa tunakunja nguo zako. Uzi ulikuwa mpya, haujui jasho. Ulinidanganya, Mama. Mwanamke aliyetuchapa kwa uongo wa kashata moja! Ungeniambia tu, "Salma, naona haya." Ningekitia hata kwenye kofia. Ningekishonea popote. Hukuniambia.

Asubuhi ile ulitoka kutawadha, ukaanguka mlangoni mwa choo, nyonga ikavunjika. Kidude kilikuwa msumarini na taa yake ya kijani inawaka, kimejaa chaji, siku hiyo hata salio kilikuwa nalo. Ukalala kwenye saruji ya baridi mpaka jua likapanda, mpaka Bi Time alipokuja kuazima mbuzi ya nazi. Hospitali ulifika unasema bado. Ulisema, "Nifunikeni kichwa." Hukusema lingine, na nyumbani tulirudi na jeneza.

Sasa sikiliza nilivyohangaika kwa huyu mdogo wako.

Nilizunguka maduka ya mjini Chake yote. Kijana mmoja akanitolea saa ya mkononi, eti inahesabu mapigo ya moyo, inajua ukianguka, inapeleka habari kwenye simu ya kisasa. Nikamwambia bibi mwenyewe ana simu ya kitochi. Akasema mnunulie na simu. Nikamuuliza, je, maji? Akasema, "Akiingia kuoga aivue." Ebo! Watu wazima wanaanguka chooni, wewe unaniuzia kitu cha kuvuliwa chooni! Na bei yake ungeisikia ungeomba maji ya kunywa. Wa duka la pili akanambia nilipie kila mwezi, kuna watu watapokea simu huko Bara. Nikamuuliza wakipokea watafanya nini, watakuja na boti? Akaniangalia kama mgonjwa ni miye.

Nilitoka nimechemka, na hasira ile ndiyo iliyonisaidia kufikiri. Nilijua ninachotaka. Kisiwe cha kuchajiwa, kisitake mtandao, kisiogope maji, kisionekane shingoni. Na kikilia, kisikike kwa mtu anayeweza kufika kwa miguu.

Nikakiona kwenye duka la vyombo, karibu na vichujio vya chai. Kengele ya mlango, zile za betri zisizo na waya. Kitufe kidogo unakiweka mlangoni, na spika yake unaiweka ndani. Kwani lazima kitufe kikae mlangoni? Bei yake haifiki ya doti moja ya kanga. Nikanunua, nikakitia kitufe kwenye mfuko wa nailoni nikaufunga kwa uzi, nikajimwagia ndoo nzima nacho kujaribu. Kikalia.

Mama mdogo alipokishika hakuuliza maswali. Alikichukua akakifunga kwenye pindo la kanga, pamoja na ufunguo wake na vidonge vyake vya presha. Alifunga fundo kama alilofunga maisha yake yote, akalisokomeza kiunoni. Hakuna wa kumwona, hakuna wa kumcheka. Kanga anaingia nayo chooni, analala nayo, anaswali nayo. Nilisimama pale nikalia, Mama. Wewe pia ulikuwa na pindo.

Ikabaki spika. Na nyumba ya karibu ni moja tu.

Tangu tukuzike nilikuwa simwitikii Bi Time ila kwa midomo. Nikipita kwake natazama mbele. Siku ile ilinibidi nibishe hodi. Nilimweleza kwa maneno machache, na kwa kiburi, nakiri. Hakunijibu utani hata mmoja. Alishusha redio yake kwenye rafu iliyo karibu na kichwa cha kitanda, akasema, "Iweke hapa." Kuijaribu, ikapiga wimbo wa Krismasi. "Astaghfirullah! Ibadilisheni hiyo, watu watasema nimeritadi!" Mume wangu, niliyekwenda naye, akatafuta mlio mwingine, mkali, usio na wimbo. Mara mbili za mwanzo mama mdogo alikikalia bila kujua, na Bi Time akaja mbio pekupeku. Walitukanana wee, wakasikika mpaka barabarani.

Ijumaa mama mdogo aliingia chooni kutawadha kwa adhuhuri. Mahali pale pale ulipoanguka wewe, kichwa kikamzunguka, akateleza. Aliminya pindo. Anasema hata bismillahi hajaimaliza, Bi Time kasimama mlangoni na machicha ya nazi mikononi. Akawaita wanaume waliokuwa wanakwenda msikitini, wakamnyanyua. Goti limevimba na kiwiko kimechubuka, basi, mfupa haukuguswa. Nilipofika kutoka Wesha nilimkuta kitandani anakunywa chai na kulalamika haina sukari.

Nikaenda kumwaga maji chooni. Bi Time akanifuata. Akakaa chini, Mama, juu ya ile saruji, pale pale alipokukuta, mtu mzima yule, na kanga yake ikaloa. Akasema, "Salma, nipe radhi ya mama yako. Wallahi ulikuwa utani. Kila nikisikia kengele ile naona ni yeye ananiita."

Ungemwambia nini? Ningekuwa mtu mwema ningeinama nikamshika mkono. Nilimwambia, "Radhi ya Mama si yangu kuitoa." Nikamwacha chini, nikaenda ndani kumtilia mama mdogo sukari. Nimeyafikiri usiku na mchana, na bado nasema kweli niliyomwambia ilikuwa kweli. Wewe ndiwe uliyechekwa na wewe ndiwe uliyelala kwenye baridi. Miye nitasamehe kwa mali ya nani?

Lakini ujumbe ni amana, nawe ndiwe uliyetufundisha hivyo. Basi huu hapa, nimeufikisha: Bi Time anakuomba radhi. Alilia. Sikuona machozi ya uongo. Mjibu huko uliko unavyojua.

Seif naye nimemtumia maneno asubuhi hii. Nimemwambia kidude chake akirudishe dukani, pesa hizo alete tuichimbue ile saruji tutie ya kukwaruza, na vyuma vya kushikia ukutani. Hajajibu. Ameona, hajajibu. Atajibu, maana nimemwambia asipojibu naondoka Pemba nimfuate Maskati, na ananijua.

Kidude chako nimekitoa msumarini. Mama mdogo katundika tasbihi yako hapo.

Sasa buriani kwa leo, Mama. Mungu akulaze mahali pakavu pasipoteleza. Nakuahidi betri ya kengele nitaibadilisha kwa mkono wangu kabla haijafa, hata kama ni kwenye rafu ya mtu nisiyemsamehe.

Na jingine, usimwambie mtu. Leo mchana nilipita tena kwenye lile duka la vyombo. Bi Time naye analala peke yake. Naye magoti yake si ya jana, na choo chake nimekiona, ni laini kuliko chako. Nimemnunulia kengele yake, spika itakaa kwa mama mdogo. Nitampelekea kesho, nimwambie afunge kwenye pindo. Bado nimemkasirikia, Mama. Lakini na yeye asilale pale chini mpaka jua lipande.

Mwanao,
Salma