Hakuanguka hata mtu mmoja

Oya, soma hii sasa hivi.

Nimetoka na shemeji kwenye ile filamu ya mlima. Ndiyo, ile ile ambayo mdogo wangu alianguka akafa akiwabebea wapigapicha kamera. Shemeji alitaka kitu kimoja tu: amwone mumewe akitembea tena.

Kioo chenyewe cha sinema kikubwa kama ukuta wa ghala. Theluji tele, mawe tele. Mdogo wangu? Mgongo. Mgongo na mzigo, basi, kwisha. Alivyoanguka hawakuonyesha kabisa.

Taa zinawaka, jamaa nyuma yetu anamwambia mkewe, “Picha safi, lakini imepoa. Hakuanguka hata mtu mmoja!”

Mkewe anacheka. “Angalau mmoja basi, tusisinzie.”

Hakuanguka hata mtu mmoja! Umesikia hilo?

Nikageuka nimkunje shati. Shemeji akanishika mkono. “Muache, shemeji. Ameona alichoonyeshwa.”

Mlangoni kasimama binti mmoja aliyetumwa na wenye filamu, anarekodi maoni ya watu. Akamsogezea shemeji kinasa sauti. “Mama, umeionaje?”

Shemeji hakupandisha hata sauti. “Kioo kikubwa chote kile, na mume wangu amekosa pa kuangukia.”

Binti akamtazama, akaniangalia na mimi. Nikamwambia, “Umesikia vizuri. Ni mke wa yule aliyekufa akibeba kamera zenu.”

Unajua alifanya nini? Alikizima kinasa, akafuta maneno ya shemeji, akawasha tena. Halafu akamgeukia yule jamaa wa nyuma yetu.

“Na wewe kaka, umeionaje?”