Kompyuta Imeongeza Kasi, Mke Wangu Hajaambiwa

Shangazi mpendwa, nisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi mama yangu anahamia kwetu na mke wangu hajui, na ukiniuliza kwa nini hajui itabidi nianzie kazini kwangu, univumilie kidogo.

Mimi naandika sehemu ya ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta, ile ambayo mtu haikumbuki mpaka iharibike, na humo kuna jedwali la kurasa, yaani orodha inayoonyesha vitu vya kila programu vimewekwa wapi kwenye kumbukumbu ya mashine, na kwa kuwa kuitazama orodha kila mara kunachelewesha, kila prosesa, yaani kila ubongo wa mashine, maana mashine moja inazo kadhaa, hujiwekea nakala ya majibu ya karibuni, sasa kitu kikihamishwa lazima prosesa zote zisimamishwe ziambiwe zifute majibu ya zamani, na huko kusimamisha ndiko kunakokula muda, basi mimi kwa akili zangu nyingi nikaona tuache kuziambia, itakayohitaji itauliza, na mashine ikaenda kasi mpaka nikajipongeza mwenyewe kwenye kioo cha choo cha ofisini.

Anayekagua kazi yangu kabla haijapokelewa ni mke wangu, tuko ofisi moja, naye akairudisha kwa mstari mmoja: "Na ile isiyouliza kwa sababu inadhani inajua?" Nikanuna. Nimenuna wiki nzima, Shangazi, mtu mzima na ndevu zangu, hata chai nakunywa nimempa mgongo.

Katikati ya kununa huko mama akapiga simu, dada yangu anayekaa naye anahamishwa kikazi, anaomba aje kwetu, nikasema njoo mama, chumba kipo, akauliza, "Mkeo anasemaje?" nikajibu, "Hana neno," na chumba chenyewe ndicho mke wangu anachofanyia kazi akiwa nyumbani, nami nikajiambia nitamweleza akiuliza, lakini haulizi, jana kaleta seremala apime meza ya kutoka ukuta hadi ukuta, wakataka kujua rangi gani itapendeza, nikachagua rangi. Niambie nimweleze vipi asikasirike, na ukipata nafasi umwambie pia kwamba kazi yangu ilikuwa nzuri.

Wako, Fundi wa Kasi

*

Fundi wa Kasi,

Nimecheka, kisha nikasoma tena, nikakasirika kwa niaba ya mwanamke nisiyemjua. Kumpokea mama ni jambo jema na hakuna wa kukulaumu kwa hilo. Lakini jibu unalolitafuta umeliandika kwa mkono wako ukalipita. Mkeo alikuuliza habari ya asiyeuliza kwa sababu anadhani anajua. Huyo ni yeye mwenyewe. Anajua chumba ni chake, aulize nini? Anapimisha meza. Mimi kompyuta nazijua kwa kuwasha na kuzima tu, ila hilo limeniingia bila kufundishwa, na wewe unalipwa mshahara kwa kulijua.

Unataka njia ya kumweleza asikasirike. Haipo, na hustahili kuipata. Atakasirika, nawe utakaa kitini umsikilize mpaka amalize, bila kujitetea na bila kununa, maana umeshanuna vya kutosha mwaka huu. Mwambie leo mkifika nyumbani, kabla hamjavua viatu. Mpigie seremala asikate mbao, na kama ameshakata, shauri yako. Kazini futa ule ujanja, prosesa ziambiwe hata kama zitachelewa, na umshukuru mkeo mbele ya wenzenu kwa kukuzuia. Hiyo ya kumweleza kuwa kazi yako ilikuwa nzuri siifanyi.

Kisha mpigie mama. Usimwambie kwamba mkeo amebadili mawazo, kwa sababu hajawahi kuulizwa. Mwambie, "Mama, nilimsemea mke wangu bila kumuuliza. Naomba unisubiri kidogo." Itakuuma, lakini afadhali uumie wewe kuliko yeye kufika na mizigo yake kwenye mlango wa mtu aliyeshtuka.

Mkeo akikubali, nendeni wote wawili mkamchukue. Akikataa, mtafutieni mama pa kukaa karibu nanyi, na simu ya kumweleza mama pia utapiga wewe, na utakachosema ni "tumeamua", si "amekataa".