Chura wa Kila Jioni

Binti yangu mpenzi,

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwamba baba yako sasa ni chura. Mama yako anasema sauti ya chura nilikuwa nayo tangu zamani.

Unajua mwanao alikuwa hajatamka neno tangu uende kazini mbali. Daktari wa watoto akatupatia kitabu cha hadithi ya chura. "Babu, msomee kila jioni, hata asipojibu."

"Kabla ya chakula au baada?" nikauliza.

Akacheka. Mimi nikaapa nitasoma mpaka chura aote meno. Mtoto, kimya.

Sasa ya jana, bila chumvi. Nilisinzia, nikapitiliza ukurasa. Kidole kidogo kikaurudisha.

"Babu, bado. Hapa mama chura anarudi nyumbani."

Nikamsomea tena.

Baba yako