Bunduki ya Marehemu Orrin na Msumeno wa Dwight

Nadine, uko? Weka chini hiyo kahawa kwanza.

Verlene amemmaliza shemeji yake Dwight. Leo, kwenye maonyesho ya bunduki mjini Billings, mbele za watu.

Unaikumbuka ile bunduki ndefu ya marehemu mumewe Orrin, ya kukoki kwa kile chuma cha chini? Dwight aliiazima akawinde kulungu. Kumbe ameikata mtutu na kitako, ameiweka mezani anaiuza kama bastola. Ameikata, Nadine.

Verlene akaanza kulia. Dwight akamcheka: "Shemeji, usilie. Viwandani wanatengeneza fupi hivi hivi, na sheria inaziita bastola."

Haya, kitendawili: mapacha wa kimo kimoja, mmoja anauzwa dukani, mwenzake anampeleka mtu jela. Umeshindwa? Nipe mji.

Wa kiwandani alizaliwa mfupi. Wa Dwight alizaliwa mrefu, akakatwa bila kibali cha serikali. Verlene na Orrin waliuza bunduki miaka thelathini, hilo analijua kama jina lake.

Lakini hakumwonya. Alifuta macho, akamwita mkaguzi wa silaha wa serikali aliyekuwa meza ya pili, akasema kwa upole kabisa, "Shemeji, mweleze bwana ulivyoikata mwenyewe."

Na Dwight akaeleza. Kwa majivuno, Nadine, mpaka meno ya msumeno.

Alipofungwa pingu akalia, "Verlene, waambie sisi ni ndugu."

"Ni ndugu," Verlene akamwambia mkaguzi. "Ndiyo maana namba ya bunduki naijua kwa kichwa." Akaitaja.

Bunduki imechukuliwa kama ushahidi, haitarudi. Verlene anajua. Ameshanunua gauni la kwenda nalo mahakamani.