Nusu Sauti Juu

Dada Mbio,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta kwenye kile kiti chako cha dirishani, goti likiwa limekubali kukunjwa bila kelele. Mimi sijambo. Macho bado yanasoma, masikio bado yanabagua, na daktari ameniambia moyo wangu unadunda kama wa mzee, nami nikamshukuru kwa habari hizo. Mvua zimeanza huku. Mwenye nyumba ameziba paa, sasa linavuja upande wa pili.

Nakuandikia kwa sababu ya yule binti anayetoa upya santuri za zamani, aliyekuuliza kuhusu konserto yako ya fidla. Anasema ulimjibu kwa mstari mmoja: atumie ile ya santuri, asiguse kitu. Hakuridhika, akanitafuta mimi. Usimkasirikie. Ni mtu wa kazi, mpole, na hunywa chai ikiwa imepoa kwa sababu husahau kwamba anayo.

Shida yake ni hii. Katika makasha yaliyookolewa kabla kituo cha redio hakijaungua, amepata tepu yenyewe, ile mliyorekodia ukumbini, na haipatani na santuri iliyotokana nayo. Kwenye tepu, konserto iko katika ufunguo wake, La mdogo, na sehemu ya kati inakwenda polepole. Kwenye santuri, kila kitu kimepanda nusu sauti na mwendo umekazwa. Wasikilizaji wanaijua hiyo ya santuri, na wameisifu kwa hasira yake. Mmoja aliandika kwamba mpiga fidla anasikika kama mtu anayebamiza milango akitoka nyumbani kwao. Binti anataka kujua ni ipi uliyopiga kweli, kisha nimwandikie ukurasa mmoja wa kueleza mwendo, ufunguo na hali ya moyo ya muziki huo.

Nilimwambia sikuwa shahidi. Siku mliporekodi nilikuwa shule ya bweni, na wale mliopiga nao walikuwa wapigaji wa redio, ambao Baba alikuwa hawasalimii. Ninachokijua ni kile nilichokikuta mezani likizo ilipofika. Baba alikuwa ameiondoa santuri kwenye mashine kabla haijaisha. Alitufundisha sote, unakumbuka, kwamba sehemu ile ya kati ipigwe kama anavyotembea mtu aliyebeba maji kichwani: hazubai njiani, wala hamwagi tone. Akakuuliza ulikuwa unakimbizwa na nani. Ukamjibu, huku ukimkatia mkate, kwamba hukukimbizwa, umekimbia mwenyewe, na nyuzi uliagiza zikazwe juu kwa sababu La yake ya kukazia nyuzi imezeeka. Mama akasema jamani, tule. Baba akasema basi mwenye haraka atafute okestra yenye haraka, na kiti chako cha mbele katika okestra yake akampa mwanafunzi mwingine.

Kuanzia hapo tukakuita Mbio, na ulicheka pamoja nasi. Fidla ukaipandisha juu ya kabati. Mwaka uleule ukaolewa na fundi mitambo wa redio, na Baba, ambaye hakuwa na maneno kwa binti yake, alikuwa nayo tele kwa mkwe wake. Alisema shemeji ndiye mtu pekee katika familia hii mwenye mkono uliotulia.

Nimeisikiliza tepu katika chumba cha binti, chumba kidogo chenye mazulia ukutani. Umepiga vizuri. Sehemu ya kati inatembea vilevile alivyotaka Baba, na hasira sikuisikia popote. Lakini tepu nayo huweza kudanganya, ikiwa mashine ya kurekodia ilikuwa na kasoro, kwa hiyo nikaendelea kusikiliza. Noti ya mwisho ilipokufa, ikawa hakuna aliyezima mashine. Vikasikika viti vikiburutwa, mtu akapiga chafya, kisha sauti yako, ya ujana lakini yako kabisa, si ya juu wala si nzito.

Halafu shemeji, karibu na kipaza sauti. Alikuwa anakueleza kwamba muziki hautatosha upande mmoja wa santuri na mkuu wa kituo amekataa kutoa mbili, kwa hiyo itambidi auharakishe kidogo kwenye mashine, na sauti itapanda. Ukamwambia Mzee atajua, ana masikio ya popo. Akasema basi posa yake imekufa kabla haijapelekwa. Ukacheka. Ukamwambia aharakishe anavyotaka, nawe utasema ulikimbia mwenyewe, kwa kuwa Baba atamsamehe mapema binti aliyekimbia kuliko mkwe aliyemharibia muziki. Akasema wewe mwanamke una wazimu, na tepu ikaisha.

Binti haelewi lugha yetu. Aliniuliza wanasema nini. Nikamwambia wanagombania viti.

Ulikisia vibaya, dada. Baba hakusamehe. Nawe hukulifuta neno lako hata siku ile tulipokaa kando ya kitanda chake na mkono alioushika ukawa wa shemeji. Sasa Baba hayupo, ukumbi haupo, na shemeji mlimzika mwaka juzi nami nikashindwa kuja. Sioni ni nani anayelindwa tena. Lakini mume alikuwa wako na fidla ilikuwa yako, kwa hiyo ukurasa sijauandika.

Nimefanya jambo moja tu. Nilimwomba binti aninakilie kile kipande cha mwisho, baada ya muziki, kwenye kanda ya kawaida. Kwanza alijaribu kukiharakisha kilingane na santuri. Shemeji akawa na sauti ya mtoto aliyebanwa na mkojo, tukacheka wote wawili. Kisha akakirudisha mwendo wake, na shemeji akawa shemeji. Hicho ndicho kilichomo katika kifurushi hiki. Mjukuu akuwekee usikilize, halafu uniandikie mstari mmoja, kama ulivyomwandikia binti: tepu au santuri.

Wasalimie wajukuu, na jirani yako mshonaji. Mwambie koti limenikaa sawa mabegani. Goti ulipake dawa hata kama halina shukrani. Nilianza barua hii kwa kukuita Mbio, kwa mazoea. Naona sasa kwamba jina hilo lilikuwa la mashine.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda