Mkaguzi Kaandika Ukutani

Bertilla, acha unachofanya. Yusto wetu wa Kemia!

Mkaguzi kaja kumkalia darasani leo. Asubuhi ofisini alishatamba: "Hayo mambo ya mtandao ni michezo, nayapiga marufuku."

Yusto jasho tupu. Kafungua ule ukurasa wa mtandaoni, wanafunzi wote wanaandika pamoja, kila neno linamulikwa ukutani na jina la aliyeandika. Somo: uchachushaji. Na mkaguzi kapewa kompyuta yake, aone unavyofanya kazi.

Wanafunzi wakaligeuza somo kuwa kimpumu, ile pombe yetu ya ulezi! Minza kaandika kwao Laela pombe inatiwa sukari. Kasmir wa Mazwi kajibu huo ni uchafu. Yusto anatamani ardhi immeze.

Mara ukutani, jina la MKAGUZI. Mkaguzi, Bertilla!

"Mama yangu kapika kimpumu maisha yake yote. Anayetia sukari ni mwizi."

Minza akaandika chini yake: "Shikamoo."

Mkaguzi kafuta mbio mbio, kamnong'oneza Yusto: "Imefutika kabisa, si ndiyo?"

Yusto, kwa ule upole wake wa kanisani: "Hapana, mheshimiwa. Hata kilichofutwa kinatunzwa. Ndiyo maana tunautumia kufundishia."

Ile marufuku kaondoka nayo mfukoni.