Nanunua Nyanya Ili Niitwe Mama Estelle

Mpendwa Shangazi Anena,

Naomba unisaidie kabla ya Jumapili, maana nyanya zimejaa nyumbani mpaka mume wangu Bisimwa ameuliza kama tunafungua kiwanda. Mimi ni Mkongomani, nasuka nywele hapa Namuwongo, na sisi mtaani kwetu tuna haraka, mimba ikishaonekana watu wanakuita kwa jina la mtoto, basi nilipochagua jina la Estelle kila mtu akaniita Mama Estelle nami nikaitika kwa maringo, lakini Estelle alizaliwa amekufa, Bisimwa akaenda kumzika mimi nikiwa bado kitandani hospitalini, na niliporudi nyumbani nikawa Benedicte tena. Mama mkwe akasema, "Usilie, mutoto mwenye hakulia hana jina, utapata mwingine," na Bisimwa nikimtaja mtoto tu anavaa viatu na kutoka.

Sasa kuna Akeyo, Mkenya anayeuza nyanya karibu na reli, alikuwa amekwenda kwao wakati huo wote, aliporudi akaniita kwa mbali, "Mama Estelle, mtoto aje?" na mimi, sijui maneno yalitoka wapi, nikajibu, "Yuko muzuri tu." Tangu hapo kila siku naenda kununua nyanya nisizozihitaji ili niitwe, nafurahi hadi kwenye kona, halafu nalia. Leo ameniambia amefuma kofia ya manjano na Jumapili akitoka kanisani anakuja kumbeba mtoto. Nihame, Shangazi, au nijifanye mgonjwa?

Benedicte, Namuwongo

Mama Estelle,

Pole sana. Nimekuita hivyo kwa makusudi, na hujanunua kwangu hata nyanya moja.

Sasa nikugombeze. Njia ya mwongo ni fupi, na yako inaishia Jumapili. Huhami, na ugonjwa wa kujifanya utakuletea Akeyo nyumbani mapema zaidi, akiwa na uji. Ulidanganya kwa sababu unampenda binti yako na hukuwa na mahali pa kumtaja. Naelewa, lakini rafiki asiachwe akifuma kofia bila kujua kwamba mtoto amekufa.

Mama mkwe wako simtukani, huenda naye alifiwa akaambiwa maneno hayo hayo. Ila machozi hayafungi tumbo la mtu asizae tena, na mtoto uliyembeba ukamzaa ana jina, alie asilie. Na huyo Bisimwa unayemlalamikia alimzika binti yake, akarudi, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Baba Estelle. Nani alimpa pole?

Kesho asubuhi nenda kwa Akeyo bila kikapu. Mwambie Estelle alikufa, mwambie na kwa nini ulificha. Atakasirika au atalia, vyote utavimudu. Kisha mwombe aendelee kukuita alivyokuita. Jioni mwandalie mumeo chakula, mwite Baba Estelle, halafu nyamaza. Akivaa viatu, vaa vyako, mwambie akupeleke alipomlaza mtoto.

Na kama usingizi na chakula vinakukataa, au unaanza kuona heri usingekuwepo, usisubiri jibu langu, nenda kliniki siku hiyo hiyo.

Nyanya zipike, uwaite majirani wale. Kofia, Akeyo akikupa, usiirudishe. Ni ya Estelle.